Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tovuti ya brandi ya nguo unapolipia matangazo, Arusha na Moshi

Majibu haya ni kwa wenye brandi za nguo wa Arusha na Moshi: mafundi wenye lebo yao, wauzaji wa magauni ya kitenge, wachapaji wa fulana, washonaji wa sare na suti, wenye maduka ya mtoko. Yanamhusu zaidi yule ambaye tayari analipia matangazo, au yuko mbioni kuanza.

Nauza vizuri Instagram na WhatsApp. Tovuti ya nini tena?

Kama wateja wako wote ni watu wanaokufahamu, hauna haraka. Mambo hubadilika siku unapoanza kulipia tangazo. Mteja wa Njiro aliyemwona shoga yake na gauni lako anajua wewe ni nani na duka liko wapi. Anayeletwa na tangazo hajui lolote. Anakuja na maswali matano kichwani, na anataka majibu wakati hamu bado ipo: bei gani, saizi yangu ipo, nalipaje, itanifikaje, na je, hawa ni watu wa kweli au nitatuma hela zipotee?

Ukurasa wa Instagram unajibu mojawapo, pengine mawili. Yaliyobaki unayajibu wewe kwa mkono, mtu mmoja mmoja. Ukiwa na wateja kumi kwa siku inawezekana. Tangazo likileta watu mia tatu jioni moja haiwezekani, na wengi wanaperuzi usiku ukiwa umelala. Asubuhi unajibu «Karibu, bei ni 45,000», mwenzako kashanunua kwingine.

Kuna na suala la umiliki. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na picha, bei na oda zote humo hakuwa na duka siku hiyo. Akaunti ikidukuliwa au ikafungwa kwa malalamiko, hali ni ileile, ila inaweza kudumu wiki.

Tangazo linapata mibofyo mingi lakini mauzo hayaji. Kosa liko wapi?

Usibadilishe tangazo kwanza. Fuata hela inapovujia. Tuchukue mfano: umelipia 100,000, kila mbofyo umekugharimu 100, kwa hiyo waliobofya ni 1,000. Ukurasa ni mzito, 400 wamerudi nyuma kabla haujafunguka. Kati ya 600 waliobaki, robo tu, yaani 150, wamegusa kitufe cha kununua, na 15 wamelipa. Kila mauzo yamekugharimu kama 6,670 kwenye tangazo. Sasa punguza uzito wa ukurasa, wafungue 900 badala ya 600, mengine yote yabaki vilevile: unapata mauzo 22 au 23, na kila moja limegharimu chini ya 4,600. Tangazo ni lilelile, nguo ni ileile.

Ripoti ya matangazo ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, inakuonyesha uvujaji huu kama umeweka kwenye tovuti Pikseli, yaani kipande cha msimbo cha Meta kinachorekodi wanachofanya wageni. Kuna safu ya mibofyo ya linki, na kuna safu ya kurasa zilizofunguka kweli. Tofauti ndogo ni ya kawaida, watu hugusa kwa bahati mbaya. Ila kwa kila mibofyo 100 ukiona kurasa 60 tu zimefunguka, shida ni tovuti. Namba zikikaribiana na bado hakuna mauzo, tazama ukurasa wenyewe: bei, saizi, malipo, na kama kilichotangazwa ndicho kilichopo.

«Tovuti inayofanya kazi» maana yake nini hasa?

Si tovuti nzuri. Ni ile ambayo mtu asiyekujua, akiwa na simu ya bei ya chini na bando la kawaida, anaifungua kutoka ndani ya Instagram, anaona nguo aliyoiona kwenye tangazo, anajua bei na saizi, anaagiza, analipa, na anapata ujumbe wa kuthibitisha. Kimojawapo kikikatika, tovuti haifanyi kazi, hata kama rangi zake zinavutia. Kwa brandi ndogo, kurasa sita zinatosha: mwanzo, orodha ya nguo, ukurasa wa kila nguo, saizi, usafirishaji na kubadilisha, na mawasiliano yenye mahali mlipo.

Mahali mlipo pawe pa kueleweka. «Arusha, Tanzania» haimwambii mtu kitu. Taja mtaa, jengo, ghorofa, na alama ya karibu kama Mnara wa Saa au Soko Kuu, kisha weka ramani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa mtandao ajitambulishe kwa mnunuzi, kwa hiyo hapa unaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Linki ya tangazo impeleke mtu wapi?

Kwenye nguo ileile iliyo kwenye picha. Kumpeleka ukurasa wa mwanzo ni kumwambia «ingia ndani utafute mwenyewe», na hatatafuta. Tangazo likiwa na nguo tano za kupitisha kwa kidole, kila picha iwe na linki yake. Likiwa la mkusanyiko mzima, tengeneza ukurasa wa mkusanyiko huo tu.

Picha zangu ni nzuri, nimepiga kwa simu kali. Mbona ukurasa unachelewa?

Kwa sababu hiyohiyo. Picha moja ya simu ya siku hizi huwa na MB 3 hadi 6. Ukiweka kumi bila kuzipunguza, unamtaka mteja apakue MB 40 kwa bando lake ili aone gauni moja.

Punguza kila picha hadi upana wa pikseli 1,080 hadi 1,200, ihifadhi kwa WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), au JPEG yenye ubora wa 75 hadi 80, na hakikisha haizidi KB 150. Ukurasa wote wa nguo moja usivuke MB 1.5. Picha ya kwanza ipakie mara moja, za chini zisubiri mpaka mtu ateremke. Video isianze yenyewe. Weka picha yake na kitufe cha kucheza.

Kosa lisiloonekana kwa urahisi ni picha zisizotajwa upana na urefu kwenye msimbo. Picha inapofika, vilivyo chini yake vinaruka, mteja aliyelenga «M» anagusa «XL», na wewe unatuma nguo isiyo yake. Google inapima mruko huo pamoja na kasi: picha kubwa ya juu inatakiwa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na alama ya mruko isizidi 0.1. Unaweza kujipima bure kwa PageSpeed Insights. Angalia upande wa simu, ule wa kompyuta hukufariji bure.

Kuhusu rangi, piga kwenye mwanga wa mchana, kivulini. Kitenge chenye bluu nzito kikipigwa chini ya taa ya njano kinatoka kama cheusi, na mzigo unarudi.

Niandike bei, au niache «bei inbox»?

Andika. Kwa tangazo la kulipia, «bei inbox» ni kulipia watu ili waje kuuliza. Anayeona aibu kuuliza anaondoka, na anayeuliza halafu akanyamaza amekula muda wako. Hofu ya washindani kuona bei haina msingi: mshindani anaweza kuuliza inbox kama mtu mwingine yeyote.

Kama nguo inashonwa kwa oda na bei inategemea kitambaa, andika inapoanzia na kinachoipandisha: «Kuanzia 60,000, bitana 10,000 zaidi, mikono mirefu 5,000 zaidi.»

Wateja wangu wengi ni watalii. Niweke bei kwa dola?

Hapana. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za 2025, zilizotolewa chini ya Sheria ya Benki Kuu, zinakataza kutangaza au kuonyesha bei ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Maduka mengi ya Arusha yalizoea dola, na tovuti zao za zamani bado zina alama hiyo. Iondoe. Mtalii atalipa kwa kadi, na benki yake itabadilisha.

Saizi nizielezeje ili nguo zisirudi?

Hapa ndipo brandi nyingi za nguo zinapopoteza hela, kwa hiyo jibu ni refu.

Herufi S, M, L peke yake hazisemi kitu, maana M ya fundi mmoja ni L ya mwingine. Weka jedwali lenye inchi, kwa kuwa mafundi wetu na wateja wao wanapima kwa inchi, na safu ya sentimita kwa wageni. Inchi 1 ni sentimita 2.54. Kwa gauni taja kifua, kiuno, nyonga, bega na urefu. Kwa suruali taja kiuno, nyonga, paja, urefu wa nje na wa ndani.

Kisha sema wazi kama vipimo ni vya mwili au vya nguo yenyewe. Kitenge hakivutiki. Gauni lenye kifua cha inchi 40 likilazwa na kupimwa linamfaa mwenye kifua cha inchi 37 au 38. Mwenye 40 kamili akilivaa hatapumua, na zipu itachanika mshono. Jezi na fulana za kuvutika ni habari nyingine, hizo zinaweza kulingana na mwili. Usipotofautisha, nusu ya wateja watapima miili yao, nusu watapima nguo zao za nyumbani, na wote watakulaumu.

Ongeza sentensi moja chini ya picha: «Aliyevaa ana urefu wa futi 5 na inchi 6, kavaa M.» Na kama kitambaa ni pamba isiyooshwa kabla ya kukatwa, kiri kwamba kitajivuta kidogo kikifuliwa mara ya kwanza. Bora zaidi, kiloweke, kianike, ndipo ukate.

Jambo la pekee kwa vitenge: ua kubwa haliangukii mahali pamoja kwenye kila gauni, kwa sababu inategemea fundi amekata wapi kwenye yadi 6. Andika hivyo, na weka picha za vipande viwili tofauti vya muundo uleule.

Malipo: lipa namba inatosha, au nifunge mfumo wa kulipa ndani ya tovuti?

Lipa namba inatosha kuanzia, kama jina linalotokea kwenye simu ya mteja linafanana na jina la brandi. Akiona jina la mtu asiyemjua anasita, na ana haki ya kusita. Kama halifanani, liandike kabla: «Jina litakalotokea ni…».

Mfumo wa ndani ya tovuti unafanya kazi hivi: mteja anaandika namba yake ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa; simu inamletea ombi la namba ya siri; akikubali, kampuni ya malipo inatuma taarifa kwenye seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kwamba hela imeingia. Panapoharibika ni hiyo hatua ya mwisho. Cheti cha SSL, kile kinachothibitisha usalama wa tovuti, kimeisha muda, au kinga ya seva imezuia taarifa, basi mteja amekatwa hela lakini tovuti inasema haijalipwa. Analipa tena. Sasa una mteja aliyekatwa mara mbili na mwenye hasira ya haki.

Kwa hiyo, ukurasa usiandike «malipo yameshindikana» kabla ya uhakika; uandike «tunasubiri uthibitisho, usilipe tena», na namba ya kupiga. Na kila jioni linganisha orodha ya miamala na orodha ya oda, moja baada ya nyingine.

Wateja wanapenda kumalizia WhatsApp. Ni kosa?

Si kosa hata kidogo. Weka kitufe cha WhatsApp kwenye kila nguo, ila kiandikwe sawasawa. Linki ya wa.me inataka namba ya kimataifa bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo: 2557… na si 07… wala +2557…. Hili kosa dogo linaua kampeni nzima, na mwenye duka halioni kwa sababu yeye habofyi kitufe chake.

Kitufe kije na ujumbe ulioandikwa tayari: «Habari, nataka gauni G14, saizi M.» Mhudumu haanzi tena na «lipi dada?».

Usafirishaji niueleze kwa undani gani?

Mpaka mteja asiwe na cha kuuliza. Gawa kwa maeneo: Arusha mjini kwa bodaboda, Usa River, Tengeru na Ngaramtoni, Moshi mjini, ambako ni kama kilomita 80, kisha mikoani kwa parseli ya basi. Kila eneo liwe na bei, siku, na nani analipa. Taja saa ya mwisho, kwa mfano: «Ukilipa kabla ya saa 8 mchana, mzigo unapanda basi leo.» Kwa parseli, eleza kwamba mpokeaji ataufuata ofisi ya basi, na utamtumia picha ya risiti. Weka haya kwenye ukurasa wa nguo, karibu na bei. Gharama inayojitokeza dakika ya mwisho ndiyo inayofukuza watu.

Google imekataa tangazo langu, inasema ukurasa haufanyi kazi. Mimi naufungua vizuri!

Wewe unaufungua, roboti yao haiufungui. Google hutuma roboti iitwayo AdsBot kukagua ukurasa wa tangazo. Kinga ya seva ikiizuia, au umefunga tovuti kwa nchi za nje ili kukwepa wadukuzi, roboti inapata ukuta na tangazo linakataliwa. Mwombe anayesimamia seva airuhusu AdsBot, kisha omba ukaguzi upya. Sababu nyingine za mara kwa mara: nguo imefutwa na ukurasa unatoa kosa la 404 (haupo), au domeini, yaani jina la tovuti, inayoonekana kwenye tangazo si ile mtu anayofikia.

Hata likikubaliwa, hali ya ukurasa ni mojawapo ya vitu vitatu vinavyounda alama ya ubora ya Google, inayotolewa kutoka 1 hadi 10. Ukurasa mbovu unaweza kukufanya ulipie mbofyo ghali kuliko jirani yako.

Pikseli ni lazima? Niiweke vipi?

Ukilipia Meta, iweke, vinginevyo unatangaza gizani. Matukio matatu, yaani vitendo vya mteja vya kurekodiwa, yanatosha: ViewContent kwenye ukurasa wa nguo, AddToCart kwenye kikapu, Purchase baada ya malipo, likiwa na kiasi na sarafu TZS. Purchase ikifungwa kwenye ukurasa wa «asante» bila namba ya oda, mteja akiufungua tena kutazama oda yake inahesabiwa mara ya pili, na wewe unashangilia mauzo hewa.

Mfumo wa Meta unahitaji takriban matukio 50 kwa wiki ili utulie. Ukiuza vipande 8 kwa wiki, usiuambie utafute wanunuzi, hautajifunza. Uambie utafute wanaotia kwenye kikapu au wanaofungua ukurasa.

Kwa kila tangazo, weka pia alama mwishoni mwa linki, ili ujue mtu ametoka wapi: ?utm_source=instagram&utm_medium=paid_social&utm_campaign=krismasi. Herufi ndogo tupu, kwa sababu Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, inahesabu «Krismasi» na «krismasi» kuwa vitu viwili.

Na kwa kuwa unakusanya majina, namba za simu na nyendo za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakuhusu. Weka ukurasa unaoeleza unachukua nini na kwa nini, na usimpe mtu mwingine orodha ya namba za wateja.

Domeini isajiliwe kwa jina la nani?

Lako, kwa barua pepe yako. Usimwachie aliyekutengenezea tovuti, hata kama ni ndugu. Akihama au mkikosana, jina lililochapwa kwenye lebo, mifuko na mabango linabaki mikononi mwake. Iwe .co.tz au .com, washa kulipia upya kiotomatiki na andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani. Funguo za kushika mwenyewe ni nne: domeini, seva, akaunti ya matangazo, Pikseli.

Nauza mitumba ya kuchagua, kila nguo ni moja tu. Tovuti itanisaidia?

Kidogo. Kutangaza kipande kimoja ni kulipia watu waone «imeuzwa». Tangaza aina, kwa mfano makoti ya saizi kubwa, na ukurasa uwe na vilivyopo leo tu. Kama huwezi kuusafisha kila siku, bakia WhatsApp.

Nguo ikiisha, nifute ukurasa?

Usifute. Andika «imeisha», onyesha zinazofanana, na zima tangazo lake saa hiyohiyo.

Ni wakati gani tovuti inabanwa zaidi?

Novemba na Desemba. Kuna mahafali, kisha Moshi inajaa watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, wengi wakiwa wameagiza nguo wangali Dar es Salaam ili wazikute. Kazi ya kurekebisha tovuti ifanyike Aprili na Mei, masika, watalii wakiwa wachache na mafundi wakiwa na nafasi.

Nikitangaza kwa bango au redio, tovuti inahusika?

Inahusika sana, kwa sababu hapo hakuna linki ya kugusa. Jina liwe fupi, lisilo na kistari, linaloandikwa kama linavyotamkwa. Msimbo wa QR unafaa kwenye lebo, mfuko na mlango wa duka. Kwenye bango la barabara ya Moshi–Arusha haumfai dereva.

Kabla ya kulipia, nipime nini?

Mpe simu ya Android ya kawaida mtu asiyejua tovuti yako. Zima WiFi. Mtumie linki kwenye Instagram aifungue humohumo, maana kivinjari cha ndani ya Instagram wakati mwingine huzuia madirisha ya malipo ambayo Chrome inayakubali. Mwambie anunue kitu cha 1,000 ulichoweka kwa majaribio, hadi hela iingie. Usimsaidie. Kila anapokwama, andika.

Tovuti ikianguka katikati ya kampeni, nianze na lipi?

Simamisha tangazo, usilifute. Kisha angalia kwa mpangilio huu: domeini imeisha? Cheti cha SSL kimeisha? Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90, na kujihuisha kwake hushindwa kimyakimya. Seva imejaa au haijalipiwa? Kuna mtu amebadilisha kitu leo? Ikirudi, nunua tena kile cha 1,000 kwa simu, ndipo uwashe tangazo. Usilale nalo limezimwa kwa siku saba au zaidi, kwa sababu Meta italianzisha kujifunza upya.